Kiti cha Kumi na Mbili

Bauma,

Sianzi na salamu. Leo asubuhi tulisalimiana kwa kichwa tu, kama watu wa foleni ya maji, na hiyo imetosha. Sasa hivi uko Karuba kwa wanakwaya wenzako, wanakulisha viazi na kukuombea safari njema, nami nimekaa kwenye meza yetu ya kazi, nimesukuma maranda pembeni ili karatasi ipate nafasi. Kesho pikipiki itakupeleka Walikale, na kutoka huko utashuka mpaka Hombo kwa mjomba wako aitwaye Leo. Habari za kuchemsha maji ya kunywa na kutolala karibu na dirisha atakuambia yeye. Ana maneno mengi na anapenda kusikilizwa, kwa hiyo msikilize.

Mimi nataka kukuambia yale ambayo nikiyasema kwa mdomo utainama na kuanza kufagia. Nakujua. Ukishika ufagio, najua mazungumzo yamekwisha.

Kwanza nikusifu, maana sijawahi, na ukifika mbali utaanza kusema sikuweza. Wewe ni fundi. Matundu unayochonga kwa patasi ni safi kuliko yangu, na ulimi wa mbao ukiuingiza mle ndani unakaa bila kupumua. Randa tu ndiyo unaisukuma kama mtu anayegombana na shemeji yake. Na hizo ndevu unazofuga hazikupendezi, lakini hilo tumwachie mwanamke atakayekuoa, kama yupo mwenye moyo huo.

Uliponiambia kwamba umeitwa Hombo kutengeneza kabati la mbao za libuyu, mfano wa lile lililobaki katika nyumba ya wakoloni, kwa vyombo vya mkono tu, bila msumari na bila gundi ya chupa, na kwamba tajiri mwenye kazi anataka mtu yeyote ashindwe kujua lipi la zamani na lipi la leo, ulicheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilitoka nikaenda kuwatazama mbuzi, na mbuzi walikuwa wazima.

Kiti cha kumi na mbili unakijua. Katika watu walio hai, tunakijua wawili tu. Lakini ulikuwa mtoto, ukaona mambo kutoka chini, na mtoto akiona goti la mtu hudhani ameona mtu mzima. Acha nikuonyeshe lililobaki.

Baba yako alikuwa fundi, na mimi nilikuwa mkono wa pili wa msumeno wake. Yeye alisimama juu ya gogo, mimi nikiwa shimoni, navuta chini, unga wa mbao ukinijaa machoni na kooni. Hakuna aliyesema kwamba mama yule anajifunza kazi. Walisema anamsaidia mume wake. Alipokufa kwa homa, mwaka ule tulipokimbia vita, ndugu zake waliniuliza vyombo vyake nitamuuzia nani. Nikawaambia nimekwisha kujiuzia mwenyewe. Hawakucheka.

Tulifika Kitshanga, kwenye kambi, mimi na wewe na dada yako Neema mgongoni, na kitanda. Watu walibeba sufuria, walibeba kuku, mimi nikabeba kitanda. Kilikuwa cha libuyu, mti mwekundu wa kwetu Walikale, babu yako alinitengenezea nilipoolewa. Kiliunganishwa kwa kabari, ukigonga kidogo kinaachana, unakifunga kamba na kukiweka kichwani. Juu ya mbao zile nililala na baba yako, na juu yake nikawazaa nyinyi wawili. Watu wa kambi walikuja kukitazama kama wanatazama gari.

Ndipo akaja yule mzee mwenye malisho juu ya Karuba. Wote walimwita Patron, na mpaka leo sijui kama jina lake nilipata kulisikia. Alikuwa na viti kumi na viwili vya wakati wa wakoloni, vya libuyu, miguu ya mbele imepinda kama goti la mbuzi, mgongo umechongwa majani. Watu wenye bunduki walilala nyumbani kwake wakapasua kimoja, wakachemshia maharagi. Sasa bakwe walikuwa wanakuja kuleta ng'ombe za mahari ya binti yake, wazee kumi na wawili, na yeye hakutaka mkwe mmoja akae juu ya plastiki. Mafundi wa Kitshanga walikataa. Walitaka mbao mbichi, misumari na gundi ya chupa, na yeye aliwaambia kazi ya namna hiyo hata kipofu ataijua.

Alisimama mbele ya kibanda chetu cha turubai akakitazama kitanda. Nikamwambia kwamba ninaweza.

"Mama, ukiweza, nitakupatia kipande ya udongo kule juu ya Karuba," akasema. "Utajenga, utalima, hakuna muntu atakufukuza."

"Na kama nashindwa?"

"Basi utanirudishia kiti ya mufano na ngozi ya gundi bile nitakupatia, na utabakia apa mu kambi na batoto bako."

Hilo ndilo lililokuwa mezani, Bauma. Udongo, au ile kambi mpaka kufa. Kila nilichofanya baadaye nilikipima kwa udongo ule, na kipimo chenyewe kilikuwa cha kweli. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Ningekuwa nimepima kwa uongo, leo ningelia kidogo na kulala.

Akaniletea kiti kimoja cha mfano, kimefungwa ndani ya blanketi nene ili mvua isikiguse, na nusu ya ngozi ya ng'ombe kwa ajili ya gundi. Kuhusu blanketi unakumbuka. Uliniambia, "Mama, kiti haisikie baridi. Neema njo anasikia." Sikukupa. Niliogopa atalikojolea. Usiku Neema alikohoa pembeni ya kiti kilichofunikwa, nami nilimsikia, maana sikuwa nimelala.

Nilikikata kitanda. Wanawake wenzangu walinionea huruma kwa hilo, wakasema masikini, anakata kitanda cha ndoa. Sasa nitakuambia neno ambalo hakuna mwanamke wa kanisa letu anayelijua: nilifurahi. Msumeno ulipoingia kwenye mbao ile kavu, iliyokauka kwa miaka mingi juu ya moshi wa nyumba yetu, ikatoa harufu ya msitu wa kwetu, nilifurahi kuliko siku niliyoolewa. Kambi nzima ilikuwa na njaa, nyinyi mlikuwa na njaa, nami niliamka alfajiri nikiwa na hamu ya kazi. Nilikuwa nakigonga kile kiti cha mfano kwa kifundo cha kidole, nasikiliza ndani pana nini, ulimi umeingia mpaka wapi. Nilisugua kwa kipande cha chupa, kisha kwa majani ya msasa niliyoyachuma mwenyewe kando ya mto. Nilipaka maji ya majivu ya maganda ya ndizi mpaka wekundu ukazama na kuwa mweusi kidogo, kama wa zamani. Mzungu aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa na tabia ya kusugua kisigino kwenye upau wa mbele, upande wa kushoto. Nikasugua na mimi, kwa mchanga na kitambaa, siku mbili, mpaka upau wangu ukalika palepale. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilitaka kumshinda yule mzungu aliyekwisha kufa, na fundi wake aliyekwisha kufa.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mama yako aliteseka kwa ajili yenu, mwambie nusu ni kweli. Nusu nyingine mama yako alikuwa anacheza.

Kisha ikaja ngozi. Wewe umekua hapa Masisi, huhitaji kuelezwa kwamba ngozi ni mboga. Unachoma manyoya, unachemsha, unakula na bugali, na mwaka ule ng'ombe walikuwa wamefukuzwa au wameibwa, ngozi haikuonekana sokoni. Halafu katikati ya kambi ile mwanamke mmoja akaiweka motoni asubuhi mpaka jioni, si kwa kula, kwa kubandikia kiti. Harufu ilitembea kibanda hadi kibanda. Watu walikuja na sahani, Bauma. Watu wazima. Niliwafukuza kwa ukuni.

Nilikwenda kuchota maji. Niliporudi sufuria ilikuwa wazi, na wewe hukuwepo, na Neema hakuwepo. Niliwakuta nyuma ya vyoo vya turubai. Wewe ulikuwa hutafuni. Ulikuwa unamchania dada yako vipande vidogo na kumwekea mdomoni, na mashavu yake yalikuwa yamejaa.

"Mama, iko na njala," ukaniambia. Hukuomba radhi. Ulinieleza tu, kana kwamba mimi ni mtu niliyefika leo na sijui habari.

Nilimshika taya, nikaingiza kidole, nikatoa ngozi ile kinywani mwake. Yote. Hata ile iliyokuwa imeanza kushuka. Ukaniuma kidole hiki cha shahada mpaka meno yako yakagusa mfupa, na mimi sikupiga kelele, nilikubeba ukiwa bado umening'inia na kidole mdomoni, nikarudi, nikaisuuza ngozi, nikaitia kwenye sufuria. Kovu unaliona kila siku nikishika patasi. Ncha ya kidole ilikufa, haisikii tena kama mbao ni laini au ni kavu.

Ningeweza kukuambia kwamba niliitoa kwa sababu ya chokaa, maana ngozi ya gundi hulazwa kwenye chokaa kabla ya kuchemshwa. Mama Furaha, jirani yetu wa kibanda cha pili, aliniletea uongo huo mwenyewe, bure, siku ya matanga. Akasema, sema ulimwokoa na sumu. Lakini nilikuwa nimeisuuza ngozi ile mpaka maji yakatoka safi, na kipande ambacho ningekipata motoni nisingeogopa kukila mimi. Niliitoa kwa sababu ingepungua. Gundi ikipungua, haitoshi kwa viungo vya nyuma. Ni hilo tu.

Neema alikuwa anaharisha tangu wiki iliyotangulia. Muuguzi wa kambi alisema mwili ulikuwa umekwisha, ngozi isingebadilisha kitu. Pengine ni kweli. Usinipe faraja hiyo, nimekwisha kuikataa kwa watu wenye elimu kuliko wewe. Alikufa kabla ya gundi kupoa vizuri. Tulimzika kwenye pembe ya shamba la mtu, na mtu huyo alitupa ruhusa kwa sharti tusiweke msalaba, kwa maana alitaka kupanda viazi.

Unajua desturi. Mama aliyefiwa anakaa chini kwenye majani ya migomba, wanawake wanamzunguka, hashiki chombo chenye makali mpaka matanga yaishe. Na unajua gundi ya ngozi. Ikishachemshwa haimngojei mtu. Joto la siku mbili, inaanza kunuka, haishiki tena. Ngozi nyingine haikuwepo, na bakwe walikuwa njiani.

Tulirudi kutoka kuzika mchana. Nilikaa kidogo kwenye majani. Nikanyanyuka.

"Mama Bauma, unaenda wapi?" Mama Furaha akaniuliza. "Kilio haiyaisha!"

"Minaenda kubandika kiti."

Nikasikia nyuma yangu: "Mungu wangu, ule mwanamuke iko na roho gani?" Lilikuwa swali zuri.

Nilipasha gundi, nikapaka, nikaingiza ndimi kwenye matundu, nikafunga kamba na kuikaza kwa kijiti. Lakini kamba inabana tu. Ili miguu yote minne iguse chini sawasawa, kiti kinahitaji uzito juu yake mpaka gundi ishike, la sivyo kitayumba maisha yake yote. Baba yako alitumia jiwe. Kwenye kambi ile mawe yote yalikuwa yanashikilia maturubai ya watu. Nikaweka ubao juu ya kiti, nikakubeba, nikakukalisha.

Ulikuwa umetoka kumtupia dada yako udongo, mikono yako ilikuwa bado michafu. Ukakaa. Miguu yako haikufika chini. Hukulia. Wanawake wote walikuwa wanakutazama, nami nilikuwa nimepiga magoti natazama kama mguu wa nyuma umegusa ardhi. Baada ya muda mrefu ukasema:

"Fundi, nishuke?"

Kambini walikuwa wameanza kuniita hivyo. Wewe ulikuwa hujawahi.

"Bado," nikasema.

Hukuuliza tena. Ulilala ukiwa umekaa, mgongo umenyooka, na mimi nikaendelea kupaka nta ya nyuki kwenye mgongo wa kiti, nikikuzunguka wewe. Tangu siku ile hukuniita Mama tena. Watu wa Karuba hudhani ni heshima ya kazi. Wanasema, tazama kijana yule anavyomheshimu mama yake, anamwita Fundi. Nami huitikia.

Sasa sikiliza lililotokea kwa Patron, maana hapo hukuwepo, nilikuacha kwa Mama Furaha.

Alivipanga vyote kumi na viwili ukumbini. Bakwe wamevaa makoti, wamesimama na chupa mikononi. Akawaambia, "Mu ibi biti, kimoja njo kipya. Nani atakionyesha?" Wakazunguka, wakainama, wakagonga, wakabishana. Mmoja akaonyesha hiki, mwingine kile, Patron akafurahi mpaka machozi. Kisha akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni.

"Basi Fundi, tuonyeshe weye."

Niliingia bila wasiwasi. Mbao zile nililala juu yake. Nilizunguka mara ya kwanza, nikatazama upau wa kushoto ulioliwa na kisigino. Vitatu vilikuwa vimelika hivyohivyo. Nilizunguka tena, nikagusa, na kidole changu cha kuaminika kilikuwa kimekufa, nikatumia cha mkono mwingine. Niliinama nikanusa. Vyote vilinuka nta. Nilikitafuta kitanda changu ndani ya viti vile. Nilimtafuta mtoto wangu. Kiti changu kilikuwepo mle, kilikuwa mbele ya macho yangu, na sikukiona.

"Siyue, Patron," nikasema.

"Weye njo uliitengeneza, na hauiyue?"

"Siyue."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. "Njo fundi ya kweli!" wakasema. "Hata mwenyewe anapotea!" Wakanipa kinywaji. Na mimi nikacheka nao, Bauma. Hilo ndilo ninalolikumbuka nikiamka. Kwamba kwa muda mfupi, kabla sijajua nacheka nini, nilijivuna.

Kesho yake Patron alitembea nami kwenye mpaka wa kipande hiki mbele ya majirani, na neno lake alilishika. Juu ya udongo huu umekula, umesoma, umejifunza kazi. Viti vyenyewe viliondoka na vita vilivyofuata, sijui vinakaliwa na nani au vilichemshia nini. Pale alipolala Neema panalimwa viazi. Nilipita mwaka juzi. Viazi vilikuwa vizuri.

Walimu wa dini hupenda kuuliza, ungerudi nyuma ungefanya nini? Mimi nisingeweza kuwajibu. Bila kiti pasingekuwa na shamba, na bila shamba pengine ningewazika wawili. Nilichojifunza ni kidogo, na kimenigharimu kuliko thamani yake. Ugumu ni chombo, kama patasi. Unakishika kwa kazi, kazi ikiisha unakiweka chini. Mimi kilininata mkononi. Ulipoanguka kwenye mti nilikuuliza kwanza kama umevunja tawi. Ulipofaulu mtihani nilikuuliza nani alikuwa wa kwanza. Na kila mara nilijisemea mchelea mwana kulia hulia yeye, kana kwamba kuna mtu alinishitaki kwa kukudekeza. Msemo huo ni wa mama mwenye mtoto anayelia. Wewe hukulia tena, na mimi niliendelea kuutumia.

Nisingeandika haya yote kwa ajili ya zamani. Zamani tumeizoea. Naandika kwa sababu ya wiki iliyopita.

Heri, mtu mzima mwenye mke, msaidizi wetu wa siku zote, alikuja mlangoni akiwa na kofia mkononi. Mimi nilikuwa nje, nyuma ya dirisha, nanoa panga. Mlikuwa mmebandika meza, yeye alitakiwa kushika mguu mmoja.

"Kaka, mutoto yangu bamemupeleka hospitali," akasema. "Niende kidogo?"

Hukuinua macho. "Bado," ukasema. "Gundi kwanza."

Nitakuambia ukweli wote. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa fahari. Nikasema, huyu ni fundi. Kisha nikakaa chini kwenye nyasi na panga mapajani. Neno lilikuwa langu, sauti ilikuwa yangu, hata kule kutokuinua macho. Ndipo nikaingia, nikamwambia Heri aende, nikaushika mguu wa meza mimi, na wewe ukanuna mpaka jioni ukidhani nimekuaibisha mbele ya mfanyakazi. Mtoto amepona, yuko nyumbani anakula uji. Lakini wewe hukujua kwamba atapona. Mimi pia sikujua kuhusu wangu.

Sasa unakwenda Hombo kumtengenezea tajiri kabati lisiloweza kujulikana kuwa jipya, na utaliweza, na hicho ndicho kinachonitia hofu. Ungekuwa fundi mbaya ningelala vizuri. Iga kabati lao. Iga mikwaruzo na vidonda vyake vyote, ni kazi halali. Ila siku watakapokupigia makofi kwa sababu mkono wako hauonekani, kumbuka kuwa makofi hayo niliyapata kabla yako. Na mtu wa kazini kwako akija na kofia mkononi, inua macho. Kabla ya kujibu neno lolote, inua macho umtazame. Mimi sikuyainua.

Randa ya baba yako na patasi zake nimezifunga ndani ya gunia, ni zako, usiniambie kwamba ni nyingi. Sufuria ya gundi usiitafute, nimeificha. Hombo zinauzwa sufuria, nunua ya kwako. Hii inabaki na mimi mpaka wanizike, na nimemwambia Heri wanizike nayo, akadhani natania.

Sikuombi msamaha. Ukinisamehe leo kwa sababu kesho unaondoka, huo utakuwa msamaha wa barabarani, utakwisha kabla hujafika Nyabiondo. Wala sikuombi uniite Mama. Lile jina jingine ulinipa siku niliyolistahili, nami nimelivaa, halinibani tena. Nakupenda. Nimeliandika, sitalifuta, na ukinitajia siku nyingine nitakataa.

Ila kuna jambo moja nimelitazama miaka yote hii na sikuwa na ujasiri wa kulisema. Unakula ukiwa umenyooka mgongo. Unakaa kanisani ukiwa umenyooka mgongo. Msichana yule wa kwaya anapokuchekesha, unacheka kwa mdomo tu, mabega hayasogei, kana kwamba ukitikisika kuna kitu kitayumba chini yako. Mimi najua umekaa juu ya nini. Nilikukalisha mimi. Uliniuliza mara moja tu, kwa adabu, nikakujibu bado, kisha nikasahau kurudi kukujibu.

Gundi ilikauka jioni ile ile, Bauma. Kiti kilisimama sawasawa, hakikuyumba hata kidogo. Uzito wako ulitosha.

Shuka, mwanangu.

Fundi